Sahani Imejaa, Mwili Umepata Nini?

Tuanze na hesabu ya jikoni. Mtu mzima mwenye kilo 60 anahitaji protini gramu 50 hivi kwa siku. Akila ugali wa unga gramu 300, mchana na usiku ukijumlisha, amepata kama gramu 24, karibu nusu ya haja yake. Ukiishia hapo utasema dawa ni kuongeza tonge. Lakini ndani ya protini kuna kitu kiitwacho laisini, na mtu huyu anakihitaji gramu 1.8 kila siku. Ugali wote ule umempa gramu 0.7 tu. Ili aipate laisini yake yote kwa ugali mtupu, ingembidi amalize unga wa karibu gramu 800 kwa siku, na hata hapo sehemu ya protini hiyo ingepita tumboni bila kusagika.

Sasa mpakulie kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva. Hicho peke yake kinaleta laisini gramu 1. Ukiongeza yai moja, amepata nyingine 0.45. Au badala ya yai mpe kiganja cha dagaa wakavu, gramu 20 hivi, nao wataleta kama 0.9. Ugali haujaongezeka hata mwiko mmoja, lakini mtu huyu sasa amekula.

Nimeanza na namba hizi kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu lishe huishia kwenye majina ya vyakula: hiki kina protini, kile kina madini chuma. Jina halitoshi. Kinachotakiwa kujulikana ni kiasi gani cha kile kilichomo kinaingia mwilini na kutumika, na hilo huamuliwa na chakula kinacholiwa pamoja nacho, namna kilivyoandaliwa, na hata kinywaji kilichofuata. Habari njema ni kwamba mengi ya haya yako mikononi mwa anayepika, na hayadai fedha.

Shanga na uzi

Ichukulie protini kama mkufu wa shanga zilizotungwa kwa mpangilio maalumu. Mwili hutumia shanga za rangi 20, ziitwazo asidi amino. Rangi 11 huweza kuzitengeneza wenyewe. 9 zilizobaki lazima ziletwe na chakula. Mtungaji akiishiwa na nyekundu hawezi kuendelea, hata kama bakuli la buluu bado limejaa. Na mwili hauna ghala la kuhifadhi zilizobaki: huzichoma kupata nguvu, kama mtu anayetia mbao za milango jikoni kwa kukosa kuni.

Kwenye mahindi, rangi inayokwisha mapema ni laisini, kisha tripitofani. Mtama, mchele na ngano nazo hupungukiwa laisini. Maharage, kunde, choroko, mbaazi na dengu zina laisini tele. Upungufu wao ni methionini, ambayo mahindi yanayo ya kutosha. Kila upande una shanga ambazo mwenzake amekosa. Ndiyo siri ya makande, ya githeri, ya wali kwa choroko na wa mbaazi za nazi. Uwiano mzuri kwa vyakula vikavu ni takriban vikombe viwili vya mahindi kwa kimoja cha maharage. Majumbani mwetu mara nyingi ni bakuli la ugali na kijiko cha mchuzi wenye maharage matatu yanayoelea. Mchuzi huo ni kiteremshio, wala si mboga ya kumtosha mtu.

Je, ni lazima viliwe kwa mpigo? Mwaka 1971 Mmarekani Frances Moore Lappé aliandika kitabu kilichowaaminisha wengi kwamba nafaka na mikunde lazima zikutane kwenye mlo uleule. Miaka kumi baadaye, katika toleo jipya, alisahihisha: kwa mtu mzima anayekula vya kutosha, kupishana ndani ya siku moja hakuna madhara. Mtoto mdogo mimi namweka kando. Tumbo lake ni dogo, anakula kidogo kwa kila mlo, na mara nyingi analala kabla ya mlo wa jioni. Yeye mpe vyote pamoja.

Hapa nikae kidogo, kwa kuwa ni kwa watoto ambako makosa haya hulipwa kwa gharama kubwa. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, akifanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, alieleza ugonjwa wa watoto walioachishwa ziwa na kupewa uji wa mahindi: miguu kuvimba, nywele kufifia rangi, ngozi kubanduka, mtoto kununa mchana kutwa. Baadaye akauandika kwa jina walilotumia Waga, wenyeji wa huko, kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto aliyepokonywa nafasi yake na mdogo wake. Sisi tunauita unyafuzi. Leo wataalamu wanajua kwamba upungufu wa protini peke yake hauelezi kila kitu. Maradhi na uchafu vinahusika pia. Lakini tazama jinsi jina la Waga linavyokaribiana na neno letu la kubemenda. Mtoto akidhoofika mama akiwa na mimba nyingine, watu husema amebemendwa, na lawama humwangukia mama na mwenendo wake. Waliotunga neno hilo waliona sawasawa kwamba mtoto huanguka anapoondolewa ziwani mapema. Kosa lipo kwenye kutafuta sababu chumbani, ilhali ipo kwenye kikombe cha uji mweupe kilichochukua nafasi ya maziwa ya mama. Ukimsikia jirani akisema hivyo, usimcheke wala usimtete. Peleka mtoto kliniki, na uangalie anakula nini.

Wataalamu wa mbegu nao wamehangaika na laisini. Mwaka 1964 Edwin Mertz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitangaza mahindi yenye laisini na tripitofani nyingi kuliko ya kawaida. Surinder Vasal na Evangelina Villegas wakayafanyia kazi huko Mexico kwa miaka mingi hadi yakawa na punje ngumu zinazofaa mkulima, na mwaka 2000 wakapewa Tuzo ya Chakula Duniani. Tanzania ina mbegu za ukoo huo zenye jina la Lishe. Ukizipata, panda. Ila usiache kupanda maharage.

Githeri ya Embu

Kuna jambo moja ambalo mahindi na maharage, hata yakipangwa vizuri namna gani, hayawezi. Mwaka 1998 watafiti walianza kazi katika shule 12 za msingi wilayani Embu, Kenya. Wanafunzi wa baadhi ya shule walipewa githeri iliyoongezwa mafuta, wengine githeri na maziwa, wengine githeri yenye nyama ya kusaga. Kundi la nne halikupewa chakula shuleni. Nguvu ya mlo ilisawazishwa, ili asije mtu akasema hawa walishiba zaidi. Baada ya miaka miwili, waliokula nyama waliongeza misuli zaidi na walifanya vizuri zaidi katika mtihani wa kupima uwezo wa kufikiri. Waliopewa maziwa, hasa wadogo waliokuwa wamedumaa, waliongezeka urefu. Na makundi yote mawili yalipata ahueni ya vitamini B12, ambayo mmea hauna.

Kwa hiyo ninaposema maharage yanaukamilisha ugali, nazungumzia laisini. B12, na sehemu kubwa ya zinki na madini chuma yanayofyonzwa kwa urahisi, hutoka kwa mnyama, samaki, yai na maziwa. Hakuna haja ya sahani ya nyama. Kidogo, mara kwa mara, kinafaa zaidi kuliko nusu kilo ya sikukuu. Nyama au samaki kidogo ndani ya maharage hufanya na kazi ya ziada: huwezesha mwili kufyonza madini chuma ya maharage yenyewe.

Kwa bei, sioni wa kushindana na dagaa. Waite dagaa, omena au mukene kulingana na upande wa Ziwa Victoria uliko, zaidi ya nusu ya uzito wao wakiwa wakavu ni protini, na kwa kuwa huliwa wazima, mifupa yao ni kalsiamu. Nunua waliokaushwa kwenye chanja, si waliotandazwa mchangani. Utalipa zaidi kidogo, lakini hutanunua mchanga. Usiwatupe vichwa ila kama ni vichungu mno. Kwa mtoto, wakaange bila mafuta, watwange, chekecha, kisha tia kijiko kwenye uji au mboga yake.

Yai, lipike. Wapo vijana wa mazoezini wanaokunywa mayai mabichi wakiamini yana nguvu zaidi. Mwaka 1998 watafiti wa Ubelgiji walipima: protini ya yai lililopikwa ilisagika na kufyonzwa kwa asilimia 91, ya bichi kwa asilimia 51. Anayekunywa mabichi mawili amepata moja, pamoja na hatari ya kuhara.

Wezi wa chunguni

Mbegu yoyote, iwe punje ya mahindi au ya haragwe, huhifadhi fosforasi yake katika umbo liitwalo faiteti, akiba ya mche utakaoota. Faiteti hiyo hukamata madini chuma, zinki na kalsiamu na kuyashikilia hadi yanatoka tumboni bila kutumika. Ndiyo maana mtu anaweza kula maharage kila siku, chakula ambacho vitabuni kimejaa madini chuma, na bado akawa na upungufu wa damu.

Dawa yake ya kwanza ni maji na usiku mmoja. Chambua maharage, osha, loweka tangu jioni kwenye maji mengi, asubuhi mwaga maji hayo, tia mapya, bandika. Sehemu ya faiteti inaondoka, sukari zinazojaza tumbo gesi zinapungua, na mkaa unabaki. Yachemke kwelikweli tangu mwanzo, angalau dakika kumi za mchemko mkali, kwa kuwa maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayotapisha, na moto wa chini tu hauiondoi. Chumvi na nyanya subiri yaive. Asidi ya nyanya huyachelewesha.

Magadi sasa. Najua yanavyopendwa, hasa kwenye makande na maharage ya zamani yaliyogoma. Yanalainisha kweli, lakini pia yanaharibu vitamini B1, na nafaka na mikunde ndiyo tegemeo letu kubwa la vitamini hiyo. Unapoweka magadi unaokoa saa moja na kupoteza kitu ambacho huenda hukipati kwingine. Kuloweka kunakupa ulaini huohuo bure. Ukishazoea kuloweka, utayasahau magadi.

Mwizi wa pili ameketi mezani na tunamheshimu: chai. Chai ya rangi, ya maziwa, ya tangawizi, zote zina tanini inayokamata madini chuma. Ikinywewa pamoja na chakula inaweza kupunguza yanayofyonzwa kwa zaidi ya nusu. Kahawa nayo hivyohivyo, kwa kiasi pungufu. Sisemi uache chai. Nasema iondoe kwenye mlo wa maharage na mboga, uisogeze saa moja au mbili mbali. Kwa mama mjamzito, kwa binti aliyevunja ungo na kwa mtoto, huu ndio ushauri wa bei nafuu kuliko wote ulio humu. Na mtoto mdogo hana haja ya chai hata kidogo. Kikombe cha chai na kipande cha mkate anachopewa asubuhi kinamjaza tumbo bila kumpa karibu chochote.

Mahali pa chai weka vitamini C, ambayo hufanya kinyume chake: huyafungua madini chuma ya mimea hata mbele ya faiteti, na huweza kuyaongeza maradufu. Chungwa moja linatosha. Pera hulishinda chungwa kwa mbali, na msimu wake mapera huoza chini ya miti. Ubuyu ni hazina, ila namaanisha unga wa ubuyu uliokorogwa kwenye maji yasiyochemka. Ule wa kupikwa na sukari na rangi hesabu ni peremende. Embe, papai, pilipili hoho, vyote vinafaa, mradi viliwe katika mlo huohuo na visipikwe sana. Kachumbari iliyokamuliwa ndimu, ambayo wengi huiona pambo la pilau, inafaa zaidi kando ya maharage kuliko kando ya nyama. Ndimu ya kwenye chungu ikamue baada ya kuepua, kwani moto huimaliza.

Mwaka huu ungekuwa na nafasi ya kubadili mambo mawili tu nyumbani mwako, ningekuomba haya: loweka, na hamisha chai.

Kimea, na uji usio maji

Uji una tatizo la aina yake. Ukitia unga wa kutosha unakuwa mzito, mtoto hawezi kuumeza. Ukiupunguza unga unakuwa mwepesi, mtoto anajaa maji. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Tanzania na Sweden waliandika juu ya ufumbuzi ambao wapika togwa waliushika zamani: kimea. Nafaka inapoota hutengeneza vimeng'enya. Vingine huvunja wanga, uji ukalainika bila kuongezwa maji. Vingine huvunja faiteti, madini yakaachiwa.

Chukua ulezi safi, loweka usiku kucha, chuja, utandaze kwenye kitambaa safi chenye unyevu na kuufunika siku mbili hivi hadi uchipue. Anika juani ukauke kabisa, usugue uondoe mizizi na machipukizi, saga. Mtama nao hufaa, lakini machipukizi yake yana sumu, hivyo yaondolewe yote na unga wake usiliwe bila kupikwa. Pika uji mzito kama ugali laini, uache upoe kidogo, tia kijiko kimoja cha kimea na ukoroge. Baada ya dakika chache utauona unalegea. Urudishe motoni uchemke tena dakika tano kuua vijidudu. Sasa mtoto anakunywa uji wenye unga karibu mara mbili. Ulezi una kalsiamu nyingi kuliko nafaka zetu nyingine, lakini bila kuotesha au kuchachusha nyingi yake hufungwa.

Kuhusu unga wa lishe unaouzwa mitaani, wenye mahindi, mchele, ngano, ulezi, soya, karanga na kingine chochote kilichokuwa dukani, nina shaka, na nitaisema. Nafaka nne hazimpi mtoto zaidi ya moja, zote zina upungufu uleule wa laisini. Soya iliyosagwa mbichi huzuia protini kusagika tumboni. Lazima ichemshwe nusu saa hivi, ianikwe, ndipo isagwe. Na karanga zilizosagwa zikakaa wiki kadhaa huchacha, au zinakuwa na sumukuvu ambayo huwezi kuiona ndani ya unga. Sumu hiyo si ya kuchezea: Kenya mwaka 2004 mahindi yaliyoota ukungu yaliua watu zaidi ya 100. Saga nafaka moja, ikiwezekana mbili, kwa kiasi kidogo. Karanga chagua punje moja moja, zisage siku ya kupika. Maharage, dagaa na yai viongeze mwenyewe.

Watu huuliza pia dona au sembe. Dona ina faiteti zaidi, ni kweli, lakini sembe imeondolewa kiini, na kiini ndicho chenye protini bora, mafuta na vitamini B. Dona iliyotokana na mahindi makavu yasiyo na ukungu inaishinda sembe.

Mboga za majani zina ukweli mmoja ambao haujulikani sana. Mchicha na spinachi zina oksaleti inayofunga kalsiamu. Ya spinachi hufyonzwa asilimia 5 tu. Sukuma wiki haina tatizo hilo. Jamii hiyo ya mboga ilipopimwa Marekani mwaka 1990, kalsiamu yake ilifyonzwa kwa asilimia 40 hivi, juu ya ile ya maziwa. Mchicha, matembele na majani ya maboga endelea kula kwa ajili ya vitamini A, na usivipike bila mafuta, nazi au karanga, kwa sababu vitamini A ya mboga haifyonzwi vizuri bila mafuta.

Kwa mlaji wa muhogo

Nimeacha mwisho jambo zito. Unga wa muhogo una protini asilimia 1 au 2 tu, na muhogo mchungu una sianidi. Mwili huiondoa sianidi kwa kutumia salfa inayotoka kwenye methionini na mwenzake sisteini. Mtu anayekula muhogo usioandaliwa vizuri, bila samaki wala mikunde wala nafaka, anaongeza sumu huku akipunguza silaha ya kuiondoa. Matokeo yake ni konzo, kupooza miguu kwa ghafla na kwa maisha yote, ugonjwa uliopewa jina huko Congo na ambao wakati wa ukame wa mwaka 1985 uliwapata watu wa Tarime, mkoani Mara. Huja kila mara kwa njia ileile: njaa inabana, muhogo unabaki chakula pekee, na siku za kuvundika zinapunguzwa kwa haraka ya kula.

Vundika muhogo mchungu siku tatu au nne hadi ulainike wote, anika mpaka ukauke kabisa, hata kama kuna njaa. Kisamvu kitwange sana na ukichemshe bila kufunika. Na mwaka wa ukame, zile debe mbili za kunde usiziuze zote.

Usiku huu, kabla hujafunga mlango wa jiko, chambua maharage ya kesho uyaloweke.